Taka Asiyoitaka Ng'ombe

Mfugaji wa nzi askari mweusi kati ya Ruiru na Thika ana mshindani ambaye semina za ufugaji hazimtaji: ng'ombe wa maziwa. Machicha ya viwanda vya bia huwanenepesha mabuu wa nzi huyu vizuri sana, lakini Kiambu nzima inakamua maziwa kwa machicha hayo hayo. Anayenunua machicha ili alishe nzi, kisha auze mabuu kama chakula cha kuku, amejiingiza kwenye mnada ambao mwenye ng'ombe anaweza kumshinda kila wiki.

Kwa hiyo swali la kwanza si jinsi ya kumfuga mdudu. Ni taka gani hakuna mwingine anayeilipia.

Watafiti wa icipe, kituo cha wadudu kilichoko Kasarani, kando ya barabara ya Thika, walichapisha mwaka 2019 ulinganisho unaosaidia hapa. Mabuu waliolishwa machicha walikuwa na protini ya karibu asilimia 41 ya uzito mkavu. Waliolishwa mabaki ya jikoni, 33. Na waliolishwa kinyesi cha kuku? Karibu 41 vilevile. Kwa eneo lililojaa mabanda ya kuku, hiyo ndiyo namba ya kuzingatia. Kasoro ya kinyesi ni vimelea: mabuu hupunguza bakteria kwenye kinyesi lakini hawawamalizi, hivyo kuwachemsha au kuwakausha kwa moto baada ya kuvuna ni lazima. Kinyesi kibichi pia hutoa amonia, na ndiyo sababu huchanganywa na kitu chenye kaboni nyingi, kwa mfano vumbi la mbao.

Taka mbili zinazoonekana kwa wingi zaidi hapa ndizo zenye ukaidi. Thika ni mji wa mananasi. Del Monte huyasindika hapo. Maganda ya nanasi yana sukari, lakini yamejaa maji na protini yake ni haba. Ukiyamwaga peke yake kwenye beseni, uji hujikusanya chini, hewa inakosekana, na mabuu hupanda ukingoni na kutoroka kwa makundi. Chakula chao kinafaa kiwe na unyevu wa asilimia 70 hivi: ukikikamua mkononi, yatoke matone machache tu. Nanasi basi lisagwe, lichujwe maji, kisha lichanganywe na kinyesi cha kuku kikavu. Kimoja kinaleta nguvu, kingine kinaleta nitrojeni na kunywa maji yaliyozidi. Mchanganyiko huo naupendelea kuliko machicha, hata kama mabuu watachukua siku kadhaa zaidi kukomaa.

Maganda ya kahawa mbivu kutoka viwanda vya ushirika yana shida nyingine: kafeini, tanini na nyuzi ngumu. Kuyajaribu si jambo jipya. Mtafiti wa El Salvador alichapisha kazi juu yake mwaka 1990. Yanaliwa, ila polepole, na heri yawe sehemu ndogo ya mchanganyiko. Tena huja kwa msimu, ilhali nzi wanataga mwaka mzima. Anayejenga mradi juu ya kahawa pekee atakuwa na mabuu wenye njaa kabla msimu haujarudi.

Halafu kuna Julai, yenye baridi na mawingu. Mabuu hustawi kwenye nyuzijoto 27 hadi 30 hivi, na chakula chenyewe hupata joto wanapokila kwa wingi, kwa hiyo mabeseni si tatizo kubwa. Tatizo ni kizimba cha neti. Nzi wakubwa, ambao hawahitaji kula ila maji tu, hupandana kwenye mwanga mkali, na wiki za mawingu mayai hupungua kwenye nyufa za vibao vilivyofungwa pamoja wanamotagia. Banda la karatasi ya plastiki husaidia joto, haliumbi jua. Wenye akili huongeza idadi ya mabuu wanaoachwa kuwa nzi kuanzia Juni, wakikubali kuuza kidogo.

Mabuu wa kuuza huvunwa wakiwa bado weupe, kabla ngozi haijageuka nyeusi na ngumu. Soko lina msingi: KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilitoa mwaka 2017 kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa chakula cha mifugo, na majaribio ya Kenya yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuku wa nyama wakikua vilevile unga wa mabuu ulipochukua nafasi ya sehemu ya soya na samaki, na faida ikipanda. Anayefikiria kufuga nyenje wa kuliwa na watu badala ya nzi ana hesabu tofauti: mdudu huyo anataka chakula bora tangu utotoni, na hapo unarudi kushindana na kuku badala ya ng'ombe.

Kinachobaki chini ya chekecheo ni mbolea. Kwa beseni la nanasi na kinyesi, uzito wake kwa kawaida huzidi ule wa mabuu waliokaushwa, na wakulima wa mboga wa Ruiru wanaihitaji. Nisingeanza kupiga hesabu ya mradi bila bei ya gunia lake.