Maombolezo Bila Machozi: Kuhusu Santuri ya Back in Black

Husemwa mara kwa mara, hata miongoni mwa wenzetu wa kitivo, kwamba muziki wa roki nzito ni makelele tu, na kwamba mwanaisimu hana la kuchuma humo. Tungependa kuijadili rai hiyo kwa kuitazama santuri moja, Back in Black ya kundi la AC/DC kutoka Australia, iliyotoka Julai 1980.

Asili yake ni msiba. Bon Scott, mwimbaji wa kundi hilo, alifariki London tarehe 19 Februari 1980, akiwa na umri wa miaka 33. Ndugu wawili Malcolm na Angus Young, wapiga gita, wakamwita Brian Johnson, mzaliwa wa kaskazini mwa Uingereza, aliyewahi kuimba katika kundi la Geordie. Kazi ya kurekodi ilifanyika Nassau, visiwani Bahamas, mnamo Aprili na Mei, chini ya uongozi wa Robert John Lange. Johnson alilazimika kutunga maneno kwa ajili ya muziki wa watu waliokuwa bado katika kilio.

Jalada ni jeusi, kwa heshima ya marehemu. Lakini jina lake halitajwi katika wimbo wowote. Maombolezo yako wapi basi? Jibu letu ni kwamba yamo katika mpangilio wa sauti, si katika maneno. Chukua wimbo wa kwanza, Hells Bells. Kengele inalia peke yake, polepole. Kisha gita linaingia, kisha ngoma za Phil Rudd. Na zaidi ya dakika moja inapita kabla Johnson hajafungua kinywa. Ni mgeni anayepiga hodi penye nyumba ya mtu asiyekuwapo. Vivyo hivyo katika wimbo unaobeba jina la santuri: gita linapiga, linanyamaza, linapiga tena. Sisi wa isimu twajua kwamba kituo nacho ni sehemu ya usemi. Na bwana wa vituo hivyo ni Malcolm, ambaye wengi humsahau kwa kumtazama mdogo wake arukaye jukwaani katika sare ya shule.

Mwanafunzi mmoja alitupinga: ikiwa huu ni msiba, mbona nyimbo nyingi zasifu pombe na tamaa ya mwili? Swali ni la haki. Anayejua matanga ya kwetu atakumbuka kwamba watani huruhusiwa kusema yasiyosemeka mbele ya wafiwa, na hakuna anayekasirika. Lakini ulinganisho huu una mpaka, na ni lazima tukiri hivyo. Katika utani, anayetaniwa ana haki ya kujibu. Katika nyimbo hizi mwanamke hutazamwa, husifiwa, hudharauliwa, wala hapewi neno hata moja. Ni udhaifu wa maneno yenyewe, na gita zuri haliwezi kuufunika.

Santuri ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na ya nne Marekani. Mwaka 2019 ilithibitishwa kuwa imefikia nakala milioni 25 Marekani pekee. Wengine hueleza mafanikio hayo kwa huruma ya mashabiki. Huruma huuza kwa mwaka mmoja, si kwa miaka arobaini. Twaona afadhali kutazama uchache wa vitu: hakuna sauti iliyowekwa bila kazi, hata asiyejua Kiingereza hufuata bila shida.

Isipokuwa mwishoni. Rock and Roll Ain't Noise Pollution, wimbo wa kumi, unaanza kwa Johnson kuzungumza badala ya kuimba, akiitetea roki mbele ya wanaoiita uchafuzi. Hapo kundi linaanza kujieleza, na baada ya nyimbo tisa zilizotuthibitishia jambo hilo bila kulisema, utetezi huo umechelewa.