Subaru ya Turbo Ikaguliwe Ikiwa Baridi

Mngurumo wa Subaru Impreza WRX hauthibitishi uzima wa injini. Unatokana na mabomba ya ekzosti yasiyolingana urefu, na gari bovu huunguruma vizuri sawasawa na zima. Colin McRae aliichukua Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na mpaka leo wapo Arusha wanaonunua kwa masikio. Mzoefu hutanguliza kiganja.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Fungua boneti, gusa injini. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Ikiwa baridi, simama nyuma ya ekzosti liwashwe: moshi wa bluu ni gari linalokula oili. Mlio wa pistoni kugonga unaopotea injini ikipata joto unavumilika. Unaozidi kila ukikanyaga mafuta, tena injini ikiwa ya moto, ni beringi za konrodi. Hapo usijadili bei, aga uondoke.

Kisha soma mkono wa fundi aliyetangulia. Fundi makini hupaka silikoni kidogo kwenye maungio, huioni. Wa kulipua huiacha imefura pembezoni, na iliyofura nje imefura na ndani. Kipande kikikatika huweza kuziba njia ya oili ya turbo. Tazama vichwa vya bolti: vikiwa vimeviringika, vilifunguliwa kwa spana isiyo saizi yake. Hozi zibanwe kwa klipu, si waya. Injini iliyooshwa ikang'aa itilie shaka kuliko yenye vumbi, maana vumbi huonyesha panapovuja.

Tafuta kibandiko cha Kijapani chenye kilomita ambazo beliti ya taimingi ilibadilishwa. Kawaida ni kila 100,000. Ikikatika, valvu na pistoni hugongana. Kibandiko kisipokuwepo, hesabu beliti mpya kwenye bei.

Tairi zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Gari hili husukuma magurudumu yote, hivyo tairi mbili mpya na mbili vipara huitesa difu ya kati hadi ife.

Kwa mkazi wa Olasiti, Arusha, kipimo kikubwa ni chujio la hewa. Wapo wanaong'oa boksi la kiwandani na kufunga chujio la koni lililo wazi, lipendeze na lipige mluzi. Ukiiacha lami ukaingia mitaani, unakutana na vumbi laini la udongo wa volkano wa Mlima Meru. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na vumbi hilo hula mapanga yake. Chomoa bomba la hewa baada ya chujio, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi, turbo imeshaanza kuliwa.

Mwisho, lipandishe gari mwinuko hadi Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha. Geji ya joto ikishafika mahali pake ibaki hapo hapo. Ukisimama, liache lingurume dakika moja turbo ipoe, huku ukitazama tangi la akiba la maji. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya silinda hedi.

Ukishalinunua, badilisha oili kila kilomita 5,000 na uipime kwa kijiti kila unapojaza mafuta. Na ukikuta Subaru mbili, moja imepauka lakini ina risiti za oili, nyingine imepigwa rangi juzi, chukua yenye risiti.