Safari ya Joto: Uchambuzi wa Kompyuta Mpakato Inayochemka na Ukarabati Wake

Kompyuta mpakato inayopata moto kupita kiasi huhesabiwa na watumiaji wengi kuwa ina ugonjwa mmoja, na kwa sababu hiyo hupewa dawa moja: hupulizwa vumbi, au hubadilishiwa feni, au huuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa kweli moto huo ni matokeo ya kulegea kwa kiungo kimojawapo katika mnyororo wa viungo vitano, yaani kazi inayolizalisha joto, pesti inayolipokea, bomba linalolisafirisha, mapezi yanayolitawanya na feni inayolitoa nje. Kila kiungo kinapolegea huacha alama yake, na mara nyingi alama hiyo huweza kupimwa kabla ya skrubu hata moja kufunguliwa. Uchambuzi huu unaufuata mnyororo huo katika mashine moja, Lenovo ThinkPad T480 iliyotoka mwaka 2018, ambayo baada ya kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani huuzwa ikiwa mtumba katika miji ya Afrika Mashariki, na ambayo kitabu chake cha matengenezo hutolewa bure na mtengenezaji.

Joto linavyozaliwa na linavyosafiri

Mashine nyingi za aina hiyo hutumia prosesa ya Intel Core i5-8250U, yenye viini vinne, iliyokusudiwa kutumia umeme wa wati 15 inapofanya kazi nzito kwa muda mrefu. Wati ni kipimo cha umeme unaotumika kwa kila sekunde, na kwa kuwa prosesa haiinui mzigo wala haitoi mwanga, karibu umeme wote inaoupokea hugeuka joto. Joto hilo huzaliwa katika kipande cha silikoni kisichofika ukubwa wa stempu ya posta, hivyo lisipoondolewa papo hapo kipande hicho hufikia ukomo wake wa nyuzi 100 za Selsiasi katika muda mfupi mno.

Juu ya silikoni hulazwa bamba la shaba, lakini nyuso mbili zinazoonekana laini kwa macho zina mabonde madogo ambayo hewa hujificha humo, na hewa hupitisha joto kwa kiwango kisichofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya kile cha shaba. Kazi ya pesti ya joto, yaani mchanganyiko mzito wa mafuta na unga laini wa madini, ni kuifukuza hewa hiyo na kukaa mahali pake. Pesti yenyewe hupitisha joto kwa uhaba ikilinganishwa na shaba, na ndiyo maana hutakiwa iwe utando mwembamba tu wa kuziba mabonde, kwa kuwa ikiwekwa nene hugeuka kizuizi kingine.

Kutoka kwenye bamba, joto huchukuliwa na bomba la joto, kifaa ambacho George Grover alikiunda katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani mwaka 1963. Hili ni bomba la shaba lililofungwa pande zote, lililoondolewa hewa na kuachiwa maji kidogo. Maji yaliyo upande wa prosesa hugeuka mvuke na kulibeba joto, mvuke hukimbilia upande wa baridi na kugeuka maji tena, kisha maji hurudi yalikotoka kwa kupanda kwenye utambi uliotandazwa ndani ya ukuta wa bomba, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kandili. Kanuni inayoupoza mtungi wa udongo, ambao maji yake huchujuka nje na kuondoka na joto yanapokauka, ndiyo inayofanya kazi humo, isipokuwa katika bomba maji hayapotei bali huzunguka. Mwisho wa bomba kuna mapezi, yaani mabamba membamba yaliyopangwa kwa kukaribiana ili hewa ipate eneo kubwa la kulipokea joto, na feni huisukuma hewa hiyo nje ya mashine.

Prosesa ina vihisi vya joto ndani yake, na inapokaribia ukomo hujipunguzia kasi ili itumie umeme kidogo. Hali ikizidi kuwa mbaya mashine hujizima. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya joto mara nyingi si moto unaosikika mapajani bali ni uzito wa kazi: video inayokatika, au jedwali linalochelewa kufunguka, na mwenye mashine hulaumu programu ilhali kosa liko kwenye hewa isiyopita.

Kupima kabla ya kufungua

Fundi makini huanza kwa kuandika namba nne: halijoto ya chumba, halijoto ya prosesa, wati inazotumia na mizunguko ya feni kwa dakika. Namba tatu za mwisho husomwa kwa programu za bure kama HWiNFO katika Windows, wakati mashine imetulia na wakati imepewa kazi nzito kwa dakika kumi hivi.

Halijoto ya chumba haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa mfumo wa feni hauwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoingia. Mashine iliyofanya kazi bila lawama katika ofisi ya nyuzi 20 huko Ulaya hupandisha kila kipimo chake kwa takribani nyuzi kumi inapofika Dar es Salaam mwezi wa Februari, ambapo mchana hupita nyuzi 30, hata kama hakuna kilichoharibika ndani yake. Ili hali ya hewa isichanganywe na ubovu, tofauti kati ya halijoto ya prosesa na ya chumba hugawanywa kwa wati zinazotumika. Ikichukuliwa kwamba chumba kina nyuzi 30 na prosesa inayotumia wati 15 imetulia kwenye nyuzi 90, tofauti ni nyuzi 60, na kila wati inagharimu nyuzi 4. Hesabu hii huruhusu mashine iliyopimwa Arusha mwezi wa Julai ilinganishwe kwa haki na ileile ikipimwa Mombasa mwezi wa Machi, kwa sababu inaeleza hali ya njia ya joto bila kuathirika sana na hali ya hewa.

Baada ya hapo viungo huondolewa katika shaka kimoja baada ya kingine. Ikiwa mashine iliyotulia inatumia wati nyingi na feni yake haipumziki, kosa huanzia kwenye kazi, kwa maana ya programu inayofanya kazi kwa siri au masasisho yasiyokwisha, na kubadilisha kipuri hakutasaidia kitu. Ikiwa kazi ni ya kawaida, mwendo wa kupanda kwa joto hutazamwa. Prosesa inayoruka kutoka nyuzi 45 hadi 95 ndani ya sekunde mbili au tatu, kisha ikashuka kwa kasi ileile kazi inapokoma, inaonyesha kwamba silikoni imeachwa peke yake na joto halivuki kwenda kwenye shaba, yaani pesti imekauka au bamba halikubanwa sawasawa. Kipimo hiki husomwa pamoja na wati, kwa sababu prosesa huruhusiwa kuzidi wati 15 kwa muda mfupi mwanzoni mwa kazi, na mruko wa kiasi wakati huo si ugonjwa. Joto linalopanda polepole kwa dakika kadhaa na kukataa kushuka huonyesha jambo jingine: shaba imelipokea, lakini hewa hailiondoi.

Hewa inayotoka kwenye tundu la ubavuni hukamilisha ushahidi. Ikitoka kwa uhaba lakini ikiwa ya moto, mapezi yameziba au feni imechoka. Ikitoka kwa nguvu lakini ikiwa vuguvugu tu, wakati prosesa inasoma karibu nyuzi 100, joto halifiki kwenye mapezi, na shaka hubaki kati ya pesti na bomba. Bomba lililopasuka na kupoteza maji yake hutambulika mashine ikishafunguliwa, kwa kuwa upande wake mmoja huwa wa moto na mwingine hubaki baridi.

Kufungua na kusafisha

ThinkPad T480 ina betri mbili, ya nyuma inayochomolewa kwa mkono na ya ndani yenye uwezo wa wati-saa 24, na hivyo kuchomoa chaja pekee hakuondoi umeme kwenye ubao mama. Utaratibu sahihi ni kuizima betri ya ndani kwa agizo lililomo katika menyu ya mipangilio ya awali, inayofunguliwa kwa kubonyeza F1 mashine inapowaka, kisha kuichomoa betri ya nyuma, na baada ya hapo kulegeza skrubu sita za kifuniko cha chini, ambazo hubaki kwenye kifuniko chenyewe na hazipotei. Betri ya ndani hujiwasha tena chaja inapounganishwa.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni mpaka kati ya feni na mapezi. Vumbi la kawaida, likichanganyika na nyuzi za blanketi, godoro na nguo, husokotana hapo na kuwa kama kipande cha zulia kinachoziba mapezi kwa upande wa ndani, ambapo hakionekani kutoka nje. Ndiyo sababu kupuliza hewa kupitia tundu la nje bila kufungua mashine huleta nafuu ya siku chache tu, kwa kuwa zulia hilo husukumwa nyuma kwenye feni, kisha hurudishwa na upepo wa feni ileile. Dawa yake ni kuitoa feni, kulibandua kwa kibano na kumalizia kwa brashi laini. Hewa ya kupuliza ikitumiwa, mapanga ya feni hushikiliwa kwa kidole, kwa kuwa kuzungushwa kwa kasi isiyo yake huharibu beringi na huweza kurudisha umeme kwenye ubao.

Pesti ya zamani hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowanishwa kwa alkoholi safi ya aina ya isopropili, hadi silikoni na shaba zing'ae. Pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mchele hutosha, kwa sababu mbano wa bamba ndio unaoitandaza. Skrubu za bamba hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kufuata namba zilizoandikwa pale zilipo, kwani kukaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine hulilaza bamba upande na huweza kuivunja pembe ya silikoni. Pesti ya metali ya majimaji, inayosifiwa kwa kupitisha joto vizuri, haifai katika kazi ya kawaida, kwa kuwa hupitisha umeme na galiamu iliyomo hula alumini.

Vipuri vinavyostahili kubadilishwa

Feni hubadilishwa kwa ushahidi wa aina tatu: mkwaruzo usiokwisha baada ya kusafishwa, mizunguko inayopanda na kushuka ilhali joto limetulia, au ujumbe wa hitilafu ya feni ambao ThinkPad huonyesha inapowashwa, kisha hujizima yenyewe ili kujilinda. Katika T480 feni na bomba la joto hutolewa kama kipuri kimoja, na mashine zenye kadi ya ziada ya picha hutumia kipuri tofauti, hivyo kununua kwa jina la mashine pekee ni kubahatisha; kinachoulizwa dukani ni namba ya kipuri, inayoitwa FRU, iliyobandikwa kwenye kile cha zamani.

Betri inahitaji hukumu ya peke yake. Joto huzeesha betri za lithiamu haraka, na betri iliyozeeka huweza kuvimba kwa gesi inayozalishwa ndani yake, ikainua kibao cha kugusa au kifuniko. Amri ya powercfg /batteryreport katika Windows huonyesha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo uliobaki, na betri ya wati-saa 24 iliyobaki na 12 imepoteza nusu ya uwezo wake. Hata hivyo kuweka betri mpya katika mashine ambayo bado inachemka ni kuitoa mpya kafara, na ndiyo maana njia ya joto hurekebishwa kwanza. Betri iliyovimba haipaswi kuchajiwa, kubonyezwa, kutobolewa wala kutupwa kwenye taka zinazochomwa, kwa kuwa huweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi.

Uthibitisho wa kazi

Ukarabati hauishi kwa kufunga kifuniko, bali kwa kuirudia kazi ileile nzito, kwa dakika zilezile, na kuziandika namba nne kando ya zile za mwanzo. Mashine ya mfano uliotolewa hapo juu, ikitulia sasa kwenye nyuzi 72 katika chumba cha nyuzi 30 kwa wati 15, imeshuka kutoka nyuzi 4 hadi nyuzi 2.8 kwa kila wati, na hapo mwenye mashine ana haki ya kusema imepona. Namba zisipobadilika, kipuri kilichobadilishwa hakikuwa na kosa, na uchunguzi hurudi kwenye kiungo kilichorukwa. Mwenye kompyuta anayepeleka mashine yake kwa fundi na adai namba za kabla na za baada, na fundi anayeiheshimu kazi yake na azitoe bila kuombwa, kwa sababu ukarabati usiopimwa haujathibitishwa.