Kushuka Motoni Bila Kutoka Nyumbani

Janet Dailey, mzaliwa wa Iowa, aliizunguka Marekani pamoja na mumewe Bill katika nyumba ya magurudumu iliyovutwa na gari, na kila jimbo kati ya majimbo 50 akalitungia riwaya yake ya mapenzi. Ndiye Mmarekani wa kwanza kuandikia Harlequin, kampuni ya Canada iliyokuwa ikiwategemea zaidi waandishi wa Uingereza. Ukitafuta mtunzi wa mapenzi aliyekula barabara kisawasawa, huyo hapo.

Nora Roberts ni wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1979 theluji ilimfungia nyumbani, vijijini Maryland, yeye na wanawe wawili wadogo, naye akachukua daftari akaanza kuandika ili asirukwe na akili. Miswada aliyowapelekea Harlequin ilikataliwa, kwa jibu kwamba Mmarekani wao tayari wanaye. Riwaya yake ya kwanza, Irish Thoroughbred, ilitoka 1981 kwa wachapishaji wengine, Silhouette. Leo ana vitabu zaidi ya 200, na bado anaishi huko huko, karibu na mji mdogo wa Boonsboro. Hukaa mezani kama karani wa ofisi, saa nane kwa siku. Hapendi kupanda ndege, na utafiti wake mwingi anaufanya kwa intaneti.

Mwaka 1997 Dailey alikiri kuwa amekuwa akinyofoa vifungu katika vitabu vya Roberts na kuviingiza katika vyake. Msomaji mmoja ndiye aliyegundua, baada ya kusoma Sweet Revenge ya Roberts na Notorious ya Dailey akakuta sentensi zinafanana. Dailey alieleza kuwa alikuwa na matatizo ya kisaikolojia na mikasa ya kifamilia. Kesi aliyoifungua Roberts iliisha kwa makubaliano, na fedha alizolipwa Roberts akazitoa kusaidia watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Sina nia ya kumsimanga Dailey, ambaye alifariki 2013. Ninachokitazama ni kwamba aliyezunguka majimbo 50 alifika mahali akamwibia asiyetoka nyumbani. Basi huyu wa nyumbani ana nini?

Kitabu kinachojibu vizuri kuliko vyote ni Chasing Fire cha 2011, riwaya ya mapenzi kati ya wazimamoto wa miavuli wa Missoula, Montana. Mtu asiyependa ndege aliamua kuandika habari za watu wanaoruka kutoka kwenye ndege, tena kuelekea motoni.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ndiyo mali ghafi. Idara ya misitu ya Marekani ilijaribu miavuli mwaka 1939 huko Winthrop, jimbo la Washington, na mwaka uliofuata, tarehe 12 Julai, Rufus Robinson na Earl Cooley wakawa wa kwanza kurukia moto halisi, katika msitu wa Nez Perce, Idaho. Hoja ilikuwa rahisi. Radi inapiga mti mlimani mahali pasipo na barabara, na kwa miguu utafika baada ya siku mbili, moto umeshakuwa wa maelfu ya ekari. Ukishusha watu wachache saa ile ile, wataumaliza ungali mchanga.

Ndege ikifika juu ya moto, msimamizi wa mruko hulala kifudifudi penye mlango ulio wazi na kutupa tepe za karatasi za rangi, azitazame zinavyopeperuka hadi chini. Hizo ndizo zinazomwonyesha upepo. Ndege huzunguka tena, kisha watu huruka, kwa kawaida wawili wawili. Wenye miavuli ya duara, ambayo Missoula waliizoea kwa miaka mingi, walikuwa wakiruka kutoka kimo cha mita 450 hivi. Vazi lao ni nene, la kitambaa cha Kevlar, lenye kola inayopanda hadi masikioni na kofia yenye wavu wa chuma usoni, kwa sababu wengi huangukia mitini. Mfuko wa mguuni una kamba ya kujishushia. Zana, maji na chakula hufuata kwa miavuli ya mizigo. Shoka lao, lenye jembe upande wa pili, linaitwa Pulaski, jina la bwana misitu aliyewaokoa watu wapatao 40 kwa kuwaficha ndani ya handaki la mgodi katika moto mkubwa wa 1910.

Baada ya hapo mambo hayana mvuto wa sinema. Wanakata ukanda kuuzunguka moto, wanakwangua majani na mizizi hadi udongo mtupu, ili moto ukifika ukose chakula. Ukishatulia, wanapita juu ya majivu wakiyapapasa kwa mkono usio na glavu, shubiri kwa shubiri, wakitafuta joto lililojificha. Kisha wanafunga kila kitu mgongoni na kutembea hadi barabarani. Kuruta wa kazi hii alitakiwa kubeba ratili 110, karibu kilo 50, kwa maili tatu ndani ya dakika 90. Wakirudi kambini wanakaa kwenye cherehani, kwa sababu mavazi na mikoba yao wanaishona na kuikarabati wenyewe.

Mwandishi wa kawaida wa mapenzi angeyapita haya yote mbio mbio kwenda kwenye miali. Rafu za riwaya za wazimamoto Marekani zimejaa vitabu ambavyo kazi ni sababu tu ya kifua wazi kwenye jalada. Moto unawaka ghorofani, bibie anabebwa, sura ya tatu wamependana. Baada ya hapo Zimamoto haihitajiki tena, na shujaa angeweza kuwa daktari au mchunga ng'ombe na hadithi isipungukiwe kitu. Kipimo changu kwa vitabu hivi ni hicho hicho: mbadilishie shujaa kazi, uone kama msuko utaanguka.

Wa Roberts unaanguka. Rowan Tripp, shujaa wake, ni mrukaji mwenye misimu kadhaa nyuma yake, binti wa Lucas Tripp, mrukaji mkongwe anayejulikana kila kambi. Gulliver Curry, au Gull, mwanamume anayemtaka, ni kuruta. Katika mpangilio huo mmoja Roberts ametatua matatizo mawili ya kiufundi. La kwanza ni lile linalomsumbua kila anayeandika kuhusu kazi ngeni: nani aeleze, na kwa nini aeleze? Mwanamke anamfundisha mwanamume kwa sababu ni wajibu wake, na msomaji anapata somo bila kuhisi amekalishwa darasani. La pili ni kizuizi. Mapenzi yanahitaji kitu cha kuyazuia, na waandishi wengi huishia kwenye kutoelewana kwa kipuuzi ambako simu moja ingekumaliza. Rowan ana kanuni yake ya kutojihusisha kimapenzi na mrukaji mwenzake, na ukishaijua kambi ile unaona kanuni hiyo ina akili. Mtu utakayegombana naye jioni ndiye huenda akakukagua mikanda asubuhi.

Mruko wa wawili wawili nao una historia ndani ya hadithi. Msimu uliotangulia, mwenzake Rowan, Jim, alikufa kazini, na Dolly, mpishi wa kambi aliyekuwa na uhusiano na marehemu, anamtupia Rowan lawama. Hapa ndipo naona ufundi mkubwa kuliko pengine popote kitabuni. Moyo wa mwanamke umefungwa, kama ilivyo katika maelfu ya riwaya, lakini kilichoufunga ni hatua ya kazi: kuruka pamoja, kushuka, kumtafuta mwenzako. Gull anapotaka kumkaribia, inambidi apite mle mle, zamu kwa zamu.

Lawama ya aliyenusurika wala si kitu ambacho Roberts alikitoa hewani. Tarehe 5 Agosti 1949 wanaume 13 walikufa Mann Gulch, Montana, moto ulipowageuzia kibao kwenye mteremko wa nyasi. Mkuu wao, Wag Dodge, aliwasha moto mdogo mbele yake, akalala kwenye majivu yake, moto mkubwa ukampita. Aliwaita wenzake waingie, wakakimbia. Wawili walifika juu salama. Miaka ya baadaye kulikuwa na jamaa wa marehemu walioshikilia kwamba moto wa Dodge ndio uliowaua vijana wao. Kila anayejiunga na kazi hii Montana anaikuta habari hiyo ikimsubiri, na Roberts alikuwa na busara ya kutoisimulia upya. Alilichukua jeraha lake tu, akampa mwanamke wa miaka ya sasa.

Kumpa mwanamke kazi hiyo kulikuwa na msingi wake pia. Deanne Shulman alikataliwa mwaka 1979 kwa kuwa uzito wake ulikuwa chini ya kiwango. Alilalamika rasmi, akafuzu mwaka 1981 kuwa mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo, akiruka kutoka kambi ya McCall, Idaho. Ni mwaka ule ule ambao Irish Thoroughbred ilitoka. Miaka 30 baadaye Roberts hakuhitaji kufanya jinsia ya Rowan iwe mjadala. Hakuna sura ya kuthibitisha kuwa wanawake wanaweza. Rowan anajua kazi, wanaume wa kambi wanajua kuwa anajua, na mazungumzo yanahamia kwenye chakula na utani.

Utani huo ni nguzo nyingine. Roberts ni fundi wa mazungumzo ya watu wanaofanya kazi mikono ikiwa na shughuli. Mapenzi yanajadiliwa huku mtu anakunja mwavuli, na kwa kuwa mwavuli hauvumilii kosa, kila sentensi inakatwa nusu na kazi, na kile kisichosemwa kinabaki mezani kati yao. Angewakalisha mgahawani kwenye mishumaa, maneno yale yale yangekuwa ya kawaida.

Kuna pia suala la kalenda. Kazi ya miavuli ni ya msimu, kutoka masika hadi mwanzo wa baridi. Watu wanakusanyika, wanaishi kambi moja, wanakula meza moja, kisha wanatawanyika. Mwandishi wa mapenzi siku zote anatafuta sababu ya kuwaweka wawili pamoja na sababu ya kuwaharakisha. Roberts amepewa zote mbili na idara ya misitu, bure. King'ora kikilia katikati ya busu si hila ya mwandishi, kwa sababu king'ora ndivyo kilivyo. Ila anakitumia mara nyingi mno. Kufikia katikati ya kitabu msomaji anajua kwamba wawili wakifunga mlango, radi itapiga mahali.

Nisimsifu kupita kiasi. Kitabu kina mauaji na hujuma za vifaa, na kila upelelezi unapoingia hadithi inapungua uzito. Moto wa radi hauna chuki na mtu, na hilo ndilo linaloufanya utishe. Akishaingia mwovu mwenye kiberiti, hatari inapata sura, nia na mwisho unaotabirika. Nadhani Roberts, ambaye kwa jina la J.D. Robb ameandika mfululizo mrefu wa riwaya za polisi, hakuuamini moto kuwa unatosha kubeba kitabu kizima. Ulitosha. Gull naye ni mwema kupita kiasi: ana mbio, ana subira, ana ucheshi, na sikumbuki ukurasa uliomkuta amekosea jambo la maana. Kuruta asiyekosea si kuruta.

Kama Roberts alihitaji kuuona moto kwa macho, alishauona. Februari 2008 jengo la kale alilokuwa akilikarabati Boonsboro kuwa hoteli liliungua. Alilijenga upya na kulifungua mwaka uliofuata, na hoteli hiyo ikaja kuwa mandhari ya riwaya zake nyingine zilizoanza kutoka 2011 hiyo hiyo. Rahisi kusema hapo ndipo Chasing Fire ilipozaliwa, lakini maandishi hayaungi mkono. Kitabu hakina uchungu wa mwenye mali aliyeunguliwa. Kimeandikwa kwa jicho la mtu aliyeuliza, tepe zinatupwa lini, nani anaruka kwanza, kamba ya mguuni ina kazi gani, halafu akakaa na majibu hadi akaona mahali moyo unapoweza kupita kati ya hatua moja na nyingine.

Sehemu ninayoirudia kuliko zote haina hata moto. Lucas, baba yake Rowan, amestaafu miruko ya msituni na sasa anawafundisha raia kuruka kwa starehe. Anatokea Ella, mwanamke wa makamo anayetaka kujaribu, na mkongwe asiyetetemeka mbele ya msitu unaowaka anapotewa na maneno mbele ya mwanafunzi wake. Roberts anaandika mapenzi yao kwa vipimo vile vile vya kazi, mikanda, ukaguzi, mlango, ila safari hii anayesimamia mruko ndiye mwenye hofu. Binti anapolitazama hilo kwa wivu kidogo, kwa kuwa hajazoea kuwa na baba wa kugawana, riwaya inafanya jambo gumu bila kelele, na sura hizo zingevumilia kurasa 50 zaidi, zikichukuliwa kutoka kwa wapelelezi.