Unalipia Ziwa, Unakula Friji

Ukikaa kwenye bustani ya hoteli moja ya Himbi, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambako majani yaliyokatwa vizuri yanateremka hadi majini, bia yako inakuja na kisahani cha fromaji. (Goma hakuna anayesema jibini. Hata mtoto anayeuza kwa beseni kichwani anaita fromaji.) Vipande vya mraba, kila kimoja na kijiti chake cha meno, pembeni chumvi na pilipili ya unga. Vimetoka kwenye friji sasa hivi na vimeanza kutoa jasho. Ukitafuna, ulimi haupati maziwa wala majani. Unapata mpira wenye chumvi. Mgeni wa meza ya jirani anameza, anatazama mawimbi, anasema kweli fromaji ya Masisi ina sifa yake. Nataka kumwambia kwamba bado hajaionja.

Bei za hoteli hizi zimeshalalamikiwa vya kutosha, na anayelipia upepo wa Ziwa Kivu ana haki yake. Langu ni la jikoni. Mji huu unalishwa na milima ya Masisi: maharage, viazi, kabichi, maziwa, ng'ombe wenyewe. Kutoka Goma hadi Masisi-kati ni kama kilomita 80. Vitu vizuri namna hii, vinavyotoka karibu namna hii, vinafanywaje hadi vinafika mezani bila ladha?

Jibu la kwanza liko kwenye karatasi ya chakula. Ihesabu siku moja: pizza, tambi, kuku wa aina sita, tilapia, kapiteni, sambaza, brosheti za mbuzi, supu, saladi, chipsi. Orodha hii ilizaliwa na historia. Julai 1994 wakimbizi Wanyarwanda wapatao laki nane au zaidi walivuka mpaka wa Goma kwa siku chache, mashirika ya misaada yakawafuata, na baadaye kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mteja wa hoteli akawa mtu anayelipwa kwa dola, mwenye mkataba wa miezi kadhaa, anayetamani leo kitu cha kwao na kesho kitu cha hapa. Volkano ya Nyiragongo ikameza katikati ya mji Januari 2002, watu wakajenga tena juu ya mawe meusi, na hoteli zikarudi na karatasi ileile. Sasa mpishi mwenye sahani 60 za kutayarisha, asiyejua nani ataagiza nini, anunue vibichi vya kila sahani? Hawezi. Anajaza friza. Umeme ukikatika anawasha jenereta, jenereta ikichelewa nyama inalegea, ikiwaka inaganda tena. Na akikosea, mteja wake keshapanda ndege. Mama wa malewa, kibanda cha chakula cha mtaani, akikosea, mteja wake ni jirani, na kesho atapita na kununua kwa mwingine huku anamsalimia.

Chukua sambaza, kwa kuwa ndiyo rahisi kuipima. Kisamaki hiki si mwenyeji. Kililetwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu yalikuwa hayana samaki wa kuyafaidi. Wavuvi wanatoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa, sambaza wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unainuliwa. Alfajiri wako ufukweni Kituku. Ni samaki mdogo, ana mafuta, na tumbo lake linaanza kuoza upesi. Akitiwa kwenye mafuta ya moto asubuhi hiyohiyo anakauka na kulia mdomoni. Akigandishwa, maji ya mwilini mwake yanakuwa barafu, barafu inapasua nyama, na akiyeyuka anakuwa sifongo. Mpishi akimwaga kilo nzima ya sifongo kwenye karai, mafuta yanapoa, samaki wanachemka badala ya kukaangika. Ndiyo ile sahani ya sambaza zilizolala ubavu kwa ubavu, laini, zimefunikwa ndimu ili usiulize.

Kuna kipimo ambacho wavuvi wote wanakijua. Usiku wa mbalamwezi taa zinapoteza nguvu, samaki wanatawanyika, na asubuhi mabeseni ya Kituku yanakuwa mepesi. Basi nenda hotelini mwezi ukiwa umejaa.

"Sambaza iko?"

"Iko, patron."

"Ya leo?"

"Ya leo leo."

Agiza brosheti.

Turudi kwenye fromaji, maana huko ndiko kwenye kisa. Kiwanda cha fromaji cha Masisi, ukikiona, ni nyumba ya mbao na bati kwenye mteremko, sakafu ya simenti iliyoloa, sufuria kubwa, moto wa kuni nje. Maziwa yanaletwa kichwani au mgongoni kutoka malishoni, bado yana joto la ng'ombe. Hilo tu ni utajiri ambao viwanda vikubwa vya dunia havina, kwani kwao maziwa husafiri siku nzima kwenye matangi ya baridi kabla ya kuguswa. Fundi anapima joto kwa mkono, anatia dawa ya kugandishia, ile ambayo asili yake ni tumbo la ndama, halafu anafunika na kusubiri nusu saa na ushei.

Kisha anachomeka kidole ndani ya mgando na kukiinua polepole. Ukipasuka kwa mstari safi kama ugali uliopoa, na maji yenye rangi ya majani mateke yakajaa kwenye ufa, umeiva. Ukimeguka ovyo, anafunika tena. Nimeona kijana akikata mapema kwa sababu pikipiki ilikuwa inasubiri mzigo. Maji yaliyomwagika yalikuwa meupe, maana yake mafuta yalikuwa yanakimbia nayo, na mzee wa kiwanda hakusema neno, alimnyang'anya tu kisu. Mgando unakatwa hadi kuwa punje za ukubwa wa mahindi, unakorogwa taratibu, sehemu ya maji yake inachotwa na mahali pake yanamiminwa maji ya moto.

Hatua hiyo ya maji ya moto ndiyo inayoifanya fromaji ya Masisi kuwa ndugu wa Gouda ya Uholanzi. Maji yanaosha sukari ya maziwa kutoka kwenye punje. Bakteria wakikosa sukari hawatengenezi uchachu mwingi, na fromaji inabaki na utamu, inakunjika kabla ya kukatika. Baada ya hapo punje zinafungwa kwenye kitambaa ndani ya vyombo vya duara, zinakandamizwa kwa ubao na uzito, zinageuzwa, zinakandamizwa tena. Zinaogeshwa kwenye maji ya chumvi. Halafu zinapanda kwenye rafu za mbao, na kuanzia hapo kazi ya fundi ni kufuta na kugeuza kila siku, huku baridi ya usiku wa mlimani ikifanya bure kile ambacho Ulaya hulipia umeme.

Ufundi huu uliletwa na mapadri kutoka Ubelgiji, na Ubelgiji haikuwa mahali pabaya pa kuutoa: watawa wa Trappist walioanzisha monasteri ya Mokoto mwaka 1954 walitoka Scourmont, nyumba iliyo nyuma ya bia na jibini za Chimay. Vita vya miaka ya 1990 viliteketeza mifugo ya Masisi karibu yote. Ng'ombe walirudi kidogokidogo, na viwanda navyo. Hesabu inayowarudisha watu kwenye kazi hii ni nyepesi: kilo moja ya fromaji inakula karibu lita kumi za maziwa. Kwenye barabara ambayo lori linaweza kulala matopeni usiku kucha, lita kumi zitafika zimeharibika, lakini kilo moja iliyofungwa kwenye gunia itafika.

Hoteli inaiharibu kwa hatua tatu, na zote zingeepukika bila gharama. Inanunua changa, ya wiki moja au mbili, kwa sababu changa inakatika vizuri kuwa miraba na muuzaji anahitaji pesa haraka. Inaikata asubuhi, sehemu zilizokatwa zinakauka, plastiki inazitoa jasho. Inaitoa kwenye friji ikiwa baridi kali, mafuta yake yamekuwa magumu na harufu yote imefungiwa ndani. Iweke saa moja juu ya meza, ikate mteja anapoagiza, na utadhani ni kitu kingine. Niliwahi kumwambia haya msimamizi mmoja. Alinijibu kwa upole kwamba wateja wanapenda vijiti.

Kwenye maharage kosa ni la fizikia. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kwenye vilima vya Masisi vinavyofika mita 2,000 yanachemka kwenye 93. Moto hata uwe mkali vipi, sufuria iliyo wazi haitapanda zaidi. Kwa hiyo maharage ya huku hayataki moto, yanataka muda. Mama wa malewa wa Birere au Ndosho anayaloweka jana, anayabandika juu ya makaa kabla ya jogoo, na saa sita mchana mchuzi umeshakuwa mzito wenyewe, bila unga wala nyanya ya kopo. Jikoni penye gesi maharage ni sahani ya 43 kwenye orodha. Yanaharakishwa, mengine yanatiwa magadi hadi yanapata ladha ya sabuni. Kula maharage kwa mama, na viazi vya Masisi pembeni, na mchicha wa lengalenga. Chagua malewa ambayo sufuria inatoa mvuke na foleni ni ya waendesha pikipiki na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao. Chakula kinachouzwa kinachemka hakina muda wa kukuumiza; sambusa iliyokaa kwenye kabati la kioo ina muda wote.

Kuteremka kutoka Masisi kwenda Walikale ni kutoka kwenye nyasi na kuingia msituni. Kule fromaji inayeyuka na kuota ukungu, na ng'ombe hana kazi. Lakini mitego ya hoteli ipo, kwa sura nyingine. Kwa miaka mingi ndege zilitua Kilambo, juu ya kipande cha barabara ya lami, zikishusha bia na unga na kuondoka na magunia ya kasiterite, mawe yenye madini ya bati. Kilichosafiri kwa ndege kikawa ndicho chakula cha heshima. Mchimbaji aliyepata pesa hakuila mihogo ya mama yake. Alikula wali wa mfuko na sadini ya kopo, akashushia bia ya Primus ya moto iliyokuwa na bei ya kushangaza, na mgahawa wenye makopo mengi rafuni ulionekana ndio mgahawa.

Huku nyuma ya nyumba, mama mmoja anafanya kitu kigumu kuliko chochote kilicho ndani ya kopo. Mihogo michungu imelala majini siku tatu au nne, hadi imelainika na sumu yake imetoka. Anaimenya, anaondoa nyuzi, anaitwanga, anaikanda, anaifunga kwa majani ya mangongo na kuipika kwa mvuke. Kwanga hiyo itakaa siku kadhaa bila friji, kwenye joto la msitu. Sombe yake ni majani yaliyotwangwa na kuchemshwa hadi kijani kibichi kigeuke kuwa cha zeituni, ndipo yanatiwa mawese. Na mawese ya Walikale yaliyokamuliwa wiki hii yana harufu ya tunda. Yale ya Goma, yaliyokaa kwenye bidoni miezi, yanakwaruza koo, na hiyo ndiyo sababu sombe ya hoteli hufichwa chini ya siagi ya karanga. Ongeza samaki wa mto Lowa aliyekaushwa kwa moshi. Nyama ya pori watakukaribisha, nami naikataa kila mara. Msitu huo ni wa sokwe wakubwa ambao dunia imebakiwa nao wachache, na mnyama asiyejulikana kafa na nini si wa sufuria yangu.

Najua namtuma msomaji mahali ambako si rahisi kwenda. Februari 2024 mapigano yaliziba njia ya Sake inayotoka Masisi, mji ukaona maharage na makaa vikipanda bei. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, kisha Goma, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Machi waliingia Walikale-kati, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Katika miezi hiyo meza za kando ya ziwa zilibaki tupu kuliko wakati wowote, na malewa hazikufunga, maana watu walikula.

Fromaji nzima, ya duara, bado unaweza kuipata kwa wanawake wanaouza barabarani. Usinunue iliyokatwa. Bonyeza ganda kwa kidole gumba: likirudi haraka kama mpira, ni changa. Likikaza, na rangi yake imeelekea kwenye asali, nunua, ifunge kwa kitambaa, iweke mahali penye baridi nje ya friji. Ya mwisho niliyonunua niliichagua vibaya, na mwenye beseni aliirudisha chini kabla sijatoa pesa.

"Hiyo iko mbichi, papa. Hiyo ya mahoteli."