Kuta Zimepona, Mwalimu Je?

Watu wakiandika juu ya jengo la zamani la bandarini lililogeuzwa nyumba ya sanaa, husifu milango na roshani. Mimi nauliza kitu kingine: mwalimu analipwa na nani? Nauliza kwa sababu hapa Malakia ninapofanya kazi na vijana, na huko kambini pia, hatuishiwi mipango ya kugeuza bohari au kontena kuwa kituo cha vijana.

Twende Unguja, barabara ya Mizingani, mbele ya bahari. Kuna majengo mawili yanayotufaa.

La kwanza ni Zahanati ya Kale. Tajiri Tharia Topan, aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani, alianza kulijenga 1887, mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria, akitaka liwe hospitali. Alifariki 1891, jengo likamalizika 1894. Mwaka 1900 likauzwa. Mwenyewe mpya akaweka zahanati chini na nyumba za kuishi juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likachakaa vibaya. Miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalikarabati, likawa kituo cha utamaduni. Kazi ya mafundi ni safi, hakuna ubishi. Lakini waliopata nafasi zaidi humo ni ofisi na maduka. Kijana asiye na pesa ataliangalia kutoka nje, apige picha, basi.

La pili ni Nyumba ya Forodha ya Kale, mwendo mfupi kwa miguu. Halina mapambo kama jirani yake. Ila Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilipoanza kufundisha humo 2002, pale palipotozwa ushuru pakaanza kusikika udi, kanuni, fidla na ngoma. Wazee wa taarabu wakapata wa kuwarithisha. Wasichana nao wakashika ala, sio kuimba tu: Siti Amina, mpiga udi wa Siti and the Band, alipita hapo.

Kwangu mimi, hili la pili ndilo lililogeuzwa kweli. Na hilohilo ndilo lililokaribia kufungwa. Mwaka 2019 chuo kiliomba msaada hadharani: ufadhili wa nje uliokibeba miaka mingi ulikuwa umepungua, na wanafunzi wengi hawakumudu ada. Kuta zilikuwa zimesimama vilevile. Kilichoyumba ni mishahara.

Hapo ndipo sifa nyingi za majengo haya zinaponikera. Zinaishia siku ya kukata utepe, kana kwamba historia imefika mwisho. Rangi ni rahisi kufadhili, maana inaonekana kwenye picha ya ripoti. Mwalimu wa ngoma anayekuja kila Jumanne kwa miaka mitano haonekani.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mkija na ramani ya kituo kipya, tutashukuru. Lakini tuonyesheni pia ukurasa wa mwaka wa tatu: nani atafundisha, atalipwa nini, ufunguo atashika nani. Na sisi wakazi tusipige vigelegele kabla ya kuusoma ukurasa huo. Kama haupo, bora tukafundishie chini ya mwembe, na hela ya rangi apewe mwalimu.