Python ilivyolinda mwisho wa mistari yake katika mifumo minne

Mtengeneza programu anasahihisha neno moja katika faili la mistari elfu moja. Anapouliza kilichobadilika, mfumo wa kudhibiti matoleo unamjibu kwamba mistari yote elfu moja ni mipya. Akikodoa macho haoni tofauti, kwa sababu kilichoongezeka ni baiti moja isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari.

Chanzo chake ni mashine za teleprinta. Ili kuanza mstari mpya, mashine hizo zilihitaji amri mbili: CR, yenye namba 13, iliyorudisha kichwa cha kuchapia kushoto, na LF, yenye namba 10, iliyosogeza karatasi juu. Unix ilibaki na LF peke yake. CP/M ilizishika zote mbili, yaani CRLF, MS-DOS ikarithi, na Windows inaendelea nazo hadi leo. Mac OS za zamani zilitumia CR tu. Wala si suala la sura pekee. Skripti ya Linux ikiingiliwa na CR kwenye mstari wa kwanza hugoma kuanza, kwani mfumo hutafuta programu ambayo jina lake linaishia na alama hiyo ya ziada. Faili la .bat lenye LF pekee nalo linaweza kushindwa kuzipata lebo zake lenyewe.

Mradi wa lugha ya Python ni mahali pazuri pa kuchunguza jambo hili. Msimbo wake umepita mikononi mwa mifumo minne ya kudhibiti matoleo: CVS, Subversion tangu 2005, Mercurial tangu Machi 2011, kisha Git tangu Februari 2017. Watengenezaji wake wamo kwenye Windows, Linux na Mac. Kila uhamisho uliwalazimisha kujibu upya swali moja: nani anaamua mstari uishe vipi?

CVS ilijibu kwamba kila faili ni maandishi hadi uiambie vinginevyo. Kwenye Windows ilibadilisha CRLF kuwa LF wakati wa kupeleka, na kinyume chake wakati wa kuchukua. Aliyeingiza picha na kusahau kuandika -kb, alama ya faili lisilo la maandishi, aliiharibu. Wabunifu wa PNG waliijua hatari ya namna hiyo: baiti nane za mwanzo wa kila faili la PNG zina CR na LF ndani yake makusudi, ili uharibifu wa aina hii ugundulike mara moja.

Subversion iligeuza jibu. Haigusi kitu mpaka faili lipewe sifa iitwayo svn:eol-style, yenye thamani kama native (yaani mwisho wa mstari wa mfumo wa mtumiaji), LF au CRLF. Sifa hiyo huhifadhiwa pamoja na faili, nayo ni hatua kubwa mbele. Udhaifu wake ni kwamba kila faili jipya lilihitaji kupewa sifa yake, na mipangilio ya kufanya hivyo yenyewe ilikaa kwenye kompyuta ya kila mtu. Aliyesahau aliingiza mistari jinsi ilivyo. Ndiyo maana Python ilikuwa na skripti yake, svneol.py, iliyopita kwenye saraka zote na kubandika sifa hiyo kwa mafaili ya maandishi yaliyoikosa.

Mercurial ilipochaguliwa mwaka 2009, kabla ya uhamisho wenyewe, pengo likajitokeza. Mercurial huhesabu hashi kutokana na baiti zenyewe za faili, kwa hiyo CR moja ya ziada hutosha kulifanya kuwa faili jingine. Ilikuwepo nyongeza ya kubadilisha mwisho wa mistari, iitwayo win32text, lakini kanuni zake ziliandikwa kwenye mipangilio ya mtumiaji. Watu wawili wakiwa na mipangilio tofauti, hazina moja ya msimbo ilipokea mafaili ya aina mbili.

Suluhisho lilikuja na nyongeza ya EOL ya Martin Geisler, mmoja wa watengenezaji wa Mercurial. Kanuni ziliwekwa ndani ya faili la .hgeol, lililohifadhiwa kwenye hazina kama msimbo mwingine wowote. Mstari mmoja husema aina fulani ya mafaili ni native, mwingine husema CRLF, na mwingine BIN, yaani yasiguswe kabisa. Thamani hii ya mwisho ndiyo iliyobeba busara ya mradi. Python ina majaribio ya barua pepe, na faili moja la majaribio hayo, msg_26.txt, lina CRLF kwa makusudi. Ukilisafisha, jaribio halipimi tena kilichokusudiwa. Kuandika kanuni kulidai kwanza kuyajua mafaili.

Nyongeza hiyo ilikuja pia na ukaguzi unaoweza kuwekwa kwenye seva, ukakataa mabadiliko yanayovunja kanuni. Hapo hata aliyesahau kuiwasha kwenye kompyuta yake hawezi kuichafua hazina.

Kuhamia Git kulileta .gitattributes, faili lenye kazi ileile. Lakini kanuni za .hgeol hazinakiliwi humo mstari kwa mstari. Katika .hgeol kanuni ya kwanza inayolingana na jina la faili ndiyo hushinda, kwa hiyo zile mahususi hutangulia. Katika .gitattributes hushinda ya mwisho, kwa hiyo zile za jumla hutangulia. Anayehamisha kanuni bila kugeuza mpangilio anaweza kuona BIN zake zote zimefunikwa na kanuni ya jumla, bila onyo lolote.

Git pia ina core.autocrlf, mpangilio wa kila mtu kwenye kompyuta yake. Wengi huuwasha na kudhani wamemaliza. Kwa hoja niliyofuata hapa, huo ni win32text kwa jina jingine: unamsaidia mtu mmoja na kuuacha mradi bila kanuni. Mpangilio wa mradi ukae kwenye .gitattributes, na autocrlf ya kila mtu isiwe na la kuamua.

Kwa anayehama leo, mpangilio wa kazi ndio huu. Orodhesha kwanza mafaili yasiyopaswa kuguswa. Andika .gitattributes. Endesha git add --renormalize, amri iliyokuja na Git 2.16, ili mafaili ya zamani yafuate kanuni mpya, na uyaweke mabadiliko hayo peke yake bila kuyachanganya na kazi nyingine. Tangu Git 2.23 unaweza kuiambia git blame iyaruke, ili kila mstari ubaki na jina la aliyeuandika, si la aliyeufutia CR. Mwisho weka ukaguzi kwenye seva, kwa sababu kanuni isiyokaguliwa huishi hadi siku mgeni wa kwanza atakapoingiza faili lake.